Mzee Kombe Yuko kwenye Laini

Alhamisi tarehe 12 Juni 1986, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, mkono wa simu katika kituo cha afya cha Mikoroshini ulikuwa umelowa kabla ya mtu yeyote kuugusa. Jedida Nyaboke aliufuta kwa pamba, kisha akainusa ile pamba. Ilinukia tembo la mnazi. Aliiweka kwenye kisahani cha chuma, akaandika saa, akazungusha kipini cha simu kumwita opereta wa Malindi.

Kituo kilikuwa na vyumba vitatu, friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo, na simu hiyo moja. Jedida alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kisii, na huo ulikuwa mwaka wake wa sita Mikoroshini. Watu walimwita sista. Mwaka uliotangulia alikuwa amepelekwa Mombasa miezi sita kusomea ushauri wa wagonjwa wa wasiwasi na huzuni. Alirudi na cheti na makubaliano. Daktari Dedan Mwaura, bingwa wa magonjwa ya akili, hakuwa na nafasi ya kusafiri hadi Mikoroshini, kwa hiyo kila Alhamisi saa kumi wangekutana kwenye simu, mgonjwa akiwa kati yao. Simu ilikuwa na mkono wake na kisikizio cha pili kilichoning'inia ubavuni. Mgonjwa alishika mkono wa simu, Jedida akaweka kisikizio sikioni, na neno lilipokwama yeye aliligeuza kwa maneno mengine mpaka likapita.

Kwa kuwa simu haionyeshi uso, daktari aliweka utaratibu wa nambari. Mwanzoni mwa kila kikao mgonjwa alitaja hofu yake, kuanzia moja hadi kumi. Mshauri naye alitaja yake, kwa sababu, alivyosema daktari, mshauri mwenye hofu husikia yasiyosemwa. Fomu ilikuwa na mistari miwili. Kwenye mstari wa chini Jedida alikuwa ameandika moja kila wiki tangu Januari.

Mgonjwa wa Alhamisi hiyo alikuwa Kahindi wa Kiponda, umri miaka thelathini na mmoja, mgema. Tangu Aprili hakuwa amemaliza kupanda mnazi hata mmoja. Akifika katikati ya mti moyo ulimwenda mbio, viganja vikamtoka jasho, ikambidi ashuke. Ardhini hakuweza kukaa akiupa mlango mgongo. Jedida alikuwa amempima damu, presha na mkojo. Vyote vilikuwa sawa.

Nambari ya Kahindi siku hiyo ilikuwa nane. Ya Jedida, moja. Daktari aliuliza anaona nini anapofika katikati ya mti. Kahindi alisema anaona paa, shamba na barabara. Daktari akauliza kuna nini kingine. Kahindi akanyamaza, na katika ule unyamavu mtu mwingine alisikika akipumua kwenye laini.

"Sista, una mtu hapo?" daktari aliuliza.

"Ni mimi na mgonjwa tu, daktari."

"Opereta, ni wewe?"

Simeon, opereta wa Malindi, alikiri kwamba alikuwa akisikiliza kama siku zote, ila yeye alikuwa na mafua na alikuwa akipumua kwa mdomo. Pumzi hiyo ilikuwa ya puani. Ilikuwa pumzi ya mzee, ya polepole, isiyo na kikohozi. Ilidumu dakika nne. Jedida aliandika: mtu mwingine, pumzi, dakika nne. Kikao kiliisha bila jambo jingine.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa mgonjwa, kama utaratibu ulivyotaka. Ilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mji huo ulikuwa wa marehemu Kombe wa Gona, na sasa mkuu wake alikuwa Garama, mwanawe aliyebaki, baba mdogo wa Kahindi. Nyumba zote ziliezekwa kwa makuti isipokuwa ya Garama, iliyokuwa na mabati mapya. Garama alimkaribisha vizuri. Walikuwa wanajuana: Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, tarehe 9, alikuwa amefika kituoni na ufizi uliovimba, chini kushoto, na Jedida alikuwa amempa aspirini na kumwambia asukutue kwa maji ya chumvi.

Nyuma ya nyumba palikuwa mahali pa vigango. Marehemu Kombe na mwanawe mkubwa, marehemu Kiponda, baba yake Kahindi, walikuwa wa chama cha heshima cha Wagohu, na mtu aliyeingia chama hicho akiwa hai, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu, ndefu kama mtu, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu kifuani. Husimamishwa karibu na walio hai ili aambiwe mambo ya nyumbani na apate tembo lake. Kikishasimama kigango hakiondolewi. Watu wakihama, chenyewe hubaki.

Jedida alihesabu kigango kimoja na shimo moja.

Kando ya shimo, mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa akifagia. Alikuwa Kadii, mjane wa Kiponda, mama wa kambo wa Kahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Pita huku. Hapo ni pake mzee, hapakanyagwi."

Alieleza bila kuacha kufagia. Mzee Kombe aliondoka mwezi wa nne, saa sita mchana, watu wakiwa matangani. Kadii aliporudi alikuta shimo. Kumwaga tembo ni kazi ya mwana wa kiume aliyebaki, naye Garama alikuwa ameiacha, basi yeye Kadii alikuwa akimwaga kila Alhamisi alfajiri: kwa mumewe kwenye kigango, kwa mkwewe kwenye shimo. Tangu hapo watoto watatu wa Garama walikuwa wameshikwa na homa, na Garama alikuwa amewaambia wazee kwamba mwanamke huyo anaonekana alfajiri akimwagia shimo tembo.

"Nikimwaga, naroga," Kadii alisema. "Nisipomwaga, nani atammwagia? Hata wewe ungeshindwa kuchagua."

Wazee walikuwa wamepanga kiraho cha papai Jumapili tarehe 29. Mshtaki na mshtakiwa hula papai lililonuiziwa, na mwenye hatia huvimba mdomo. Atakayevimba huondoka mjini. Jedida alikuwa na majina mawili kwenye daftari lake, ya vikongwe wa tarafa hiyo waliofukuzwa kwa tuhuma ya uchawi na hawakufika walikokwenda.

Aliwapima watoto. Wawili walikuwa na malaria, wa tatu sikio. Aliwapa dawa, na kufikia Jumatatu wote walikuwa wakicheza. Garama alishukuru. Alisema dawa inaondoa homa, lakini haisemi homa ilitumwa na nani.

Alhamisi tarehe 19 mkono wa simu ulikuwa umelowa tena. Kahindi alisema nane. Jedida alisema mbili. Pumzi ilianza kabla ya swali la kwanza, na daktari, ambaye hakupenda saa ya mgonjwa iliwe na mtu mwingine, alimtaka anayepumua ajitaje.

"Mimi Kombe," sauti ilisema. "Kombe wa Gona. Mjukuu wangu yuko hapo?"

"Nipo, tsawe," Kahindi alijibu. Hivyo ndivyo Wagiriama wanavyomwita babu.

Jedida aliandika jina. Kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya umri, aliuliza mwaka wa kuzaliwa, ambao mzee hakuujua, na mwaka wa kufa, ambao aliujua: 1971. Kahindi alithibitisha. Daktari alitaka kujua mzee anapiga kutoka wapi. Simeon aliingilia akasema laini inatoka ng'ambo, kwa njia ya Nairobi, ila aliyeiomba hakutoa nambari.

Mzee Kombe alieleza alipo. Alikuwa ndani ya nyumba, juu ya kipande cha chuma, karibu na mlango. Hapakuwa na vumbi. Jua la huko lilikuwa linachelewa kuzama. Wenyeji walikuwa watu wapole, wenye mbwa. Wakiingia walimtundikia kofia. Walikuwa wanaongea mbele yake jioni nzima, lakini hakuna lililokuwa linamhusu. Tembo alikuwa analipata Alhamisi, likija na waya, ila lilifika limechacha.

Kisha akasema, "Kahindi, wewe ulishika upande wa miguu. Ulinishika vizuri. Hukunigonga popote."

Kahindi alihamishia mkono wa simu kwenye sikio la pili. Halafu akazungumza dakika kumi na moja mfululizo, na Jedida hakulazimika kugeuza neno hata moja. Alisema baba yake mdogo alimwambia kigango kimeingia mchwa na kuna fundi wa dawa Malindi mjini. Waliking'oa, wakakizungushia jamvi, wakakibeba kama maiti hadi barabarani, ambako lilikuwa linangoja gari la mtu mwenye duka la vinyago. Mchwa hakuwaona. Wiki iliyofuata mabati yalifika. Baba mdogo alimwambia mtoto anayemtaja mzazi wake mbele za watu hulaaniwa mdomo na mikono, na mgema bila mikono ni nini? Tangu siku hiyo, kila akifika katikati ya mti, kabla ya paa na shamba na barabara aliliona shimo.

Daktari aliuliza nambari upya.

"Tano," Kahindi alisema.

Daktari alisema hiyo ndiyo dalili waliyokuwa wakiingoja. Jedida aliuliza kuhusu Kadii. Alipendekeza wapeleke habari kwa chifu kwanza. Daktari hakukubali, alisema ukweli ukipita mlango mmoja mmoja hubadilika njiani, ni heri wahusika wote wausikie kwa pamoja, kwenye laini, kutoka kwa mwenyewe. Ndiyo njia iliyokuwa vitabuni, na Jedida aliijua. Kwenye faili lake kumeandikwa kwamba wazo lilikuwa la daktari na kwamba mshauri aliafiki.

Tarehe 26 walifika watu wanne: Kahindi, Garama, Kadii, na Mzee Kambi, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kiraho. Ili wote wasikie, Jedida aliulaza mkono wa simu ndani ya sufuria tupu, na sauti ikatoka kubwa. Kidogo kidogo tembo lilijikusanya chini ya sufuria. Kadii alilitazama akasema ndilo la asubuhi.

Kabla ya kikao, Simeon aliomba ruhusa ya kuuliza jambo moja, kwa kuwa wenyeji wa mzee walikuwa na televisheni. Mzee Kombe alisema ni kweli, jana walitazama mpira mpaka usiku, mechi mbili, na kila moja iliisha mabao mawili kwa bila. Daktari, aliyekuwa na gazeti mezani, alisema ndivyo ilivyo. Jedida aliandika hilo pia, kama uthibitisho kwamba mzungumzaji alikuwa mahali alipodai kuwa.

Nambari: Kahindi nne. Jedida tatu. Daktari, kwa kufuata utaratibu, alimwuliza na mzee.

"Hiyo hesabu siijui," Mzee Kombe alisema. "Weka tano."

Garama alisogea karibu na sufuria, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Garama, uliniambia ni mchwa."

"Mchwa walikuwepo, baba."

"Hawakuwepo."

"Na huko uliko, wapo?"

"Huku hawapo."

"Basi," Garama alisema, akavaa kofia yake.

Mzee Kambi alimwuliza marehemu ni nani aliyemshika mkono siku alipoingia Ugohu, na walikula nini. Marehemu alijibu, na Mzee Kambi akaitikia kwa kichwa. Alisema sauti ni ya Kombe, haina ubishi, na amefurahi kumsikia. Kisha akainama juu ya sufuria.

"Kombe, nakusikia. Lakini maneno ya marehemu husikilizwa mbele ya kigango chake. Chako kiko wapi?"

"Kiko huku nilipo."

"Basi sina pa kukusikilizia," Mzee Kambi alisema, naye alionekana kusikitika kwa dhati.

Jedida alieleza, kwa utaratibu na bila kupandisha sauti, kwamba kigango hakipo kwa sababu kimeuzwa, kwamba aliyekiuza ndiye anayemshtaki Kadii, na kwamba watoto wamepona. Mzee Kambi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema sista amesema vizuri, na kama Garama ana hatia, papai litaonyesha, kwa maana naye atakula. Kiraho kilikuwa palepale, Jumapili. Garama alisema hana neno. Alipoondoka alimpa mkono Jedida na kumwuliza kama kituo bado kina aspirini.

Mwisho wa kikao Kahindi alitaja tatu. Kwenye mstari wake Jedida aliandika tano.

Jumapili tarehe 29, saa tatu asubuhi, papai lilikatwa uani kwa mganga aliyelinuizia. Jedida alisimama pamoja na wanawake, akiwa na saa ya mkononi. Kadii alikula kipande chake polepole, akameza mbegu moja. Garama alikula chake. Watu walingoja. Kahindi alikuwa amekaa kwenye kigogo, mgongo ukielekea lango, na Jedida aliligundua hilo.

Saa nne kasoro robo shavu la Garama lilianza kuvimba. Saa nne lilikuwa limefumba jicho nusu. Mdomo wa Kadii ulikuwa vilevile. Wanawake walisogea nyuma hatua moja, na Mzee Kambi akasimama.

Garama aliinua mkono. Alizungumza kwa shida kidogo, lakini kwa adabu. Aliomba sista aulizwe kama Jumatatu tarehe 9 yeye Garama alifika kituoni.

"Alifika," Jedida alisema.

"Na shida gani?" Mzee Kambi aliuliza.

"Ufizi ulivimba."

"Upande gani, sista?"

"Chini, kushoto."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Watu wote walilitazama shavu. Lilikuwa la kushoto. Mzee Kambi alimwuliza Jedida, yeye kama mtu wa hospitali, uvimbe huu ni wa jino au ni wa kiraho. Jedida alisema kwa kuangalia tu hawezi kujua. Mwanamke mmoja aliguna. Jedida alifikiri kama kuna jibu jingine lililo la kweli, hakulipata.

Mzee Kambi alitoa uamuzi. Kiraho cha papai hakiliwi na mwenye jino bovu, kwa hiyo hiki kimeharibika, na hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Kitarudiwa jino likipona. Hadi hapo, kwa kuwa mshtaki ndiye mwenye mji, mshtakiwa akae kwa ndugu zake. Siku ya kurudia haikutajwa.

Kadii aliomba aruhusiwe kurudi nyumbani kuchukua nguo. Alichukua nguo, na ufagio akauegemeza kwenye kigango cha mumewe. Aliuliza nani atafagia. Garama, aliyekuwa amejifunga kitambaa shavuni, alisema atafagia yeye.

Jedida hakumwacha aende peke yake. Walifika Dabaso, kwa kaka yake Kadii, saa nane na nusu alasiri, na Jedida alihakikisha kwamba kaka yupo, kwamba chumba kina mlango wenye komeo, na kwamba majirani wamemwona mgeni. Mlangoni alianza kusema jambo kuhusu ushahidi wake, kwamba angeulizwa tena leo angejibu vilevile.

"Najua," Kadii alisema. "Wewe husemi uongo, mwanangu. Garama amelijua hilo mapema kuliko wewe."

Usiku huo, kwenye karatasi isiyo fomu, Jedida aliandika nambari yake. Saba.

Alhamisi tarehe 3 Julai, saa kumi kasoro dakika tano, mkono wa simu ulikuwa mkavu. Jedida aliupitisha pamba hata hivyo. Haikunukia kitu. Kahindi hakuwa amefika. Alikuwa ametuma neno kwamba yuko juu ya mnazi, kazi imemzidi, asamehewe. Jedida alizungusha kipini.

"Sista, leo nina wawili," Simeon alisema. "Yule mzee wa ng'ambo, na mwingine. Huyu mwingine hatoki ng'ambo. Anatembea. Saa nane wenzangu wa Kilifi walimsikia kwao. Sasa yuko Mariakani. Nadhani yumo ndani ya lori."

Daktari Mwaura alikuwa tayari kwenye laini. Alisema amwunganishe.

Sauti ya pili ilikuja na kelele za injini. Haikuwa ya mzee sana. Ilijitaja kuwa Kiponda wa Kombe, marehemu, na ikasema imelazwa chali katika majani makavu na haioni kitu.

"Leo alfajiri hakuja," ilisema. "Kadii yuko wapi?"

"Yuko Dabaso," Jedida alijibu. "Kwa kaka yake."

"Nani kampeleka?"

"Mimi."

Injini ilisikika kwa muda, ikibadilisha gia kama lori linapopanda mlima, kisha laini ikakatika. Simeon alisema amempoteza, huenda atasikika tena Voi. Mzee Kombe, kwa mbali, aliuliza kama huyo alikuwa mwanawe. Daktari alimwuliza Jedida nambari yake, na Jedida alirudisha mkono wa simu mahali pake, akachukua fomu, kalamu na utepe wa kupimia watoto, akafunga kituo.

Alifika mjini kwa Garama saa kumi na moja kasoro robo. Mahali pa vigango palikuwa na mashimo mawili. La zamani lilikuwa limeanza kujifukia. Jipya lilikuwa na udongo wenye unyevu na mizizi iliyokatika, myeupe bado. Alipima: futi mbili na nusu kwenda chini. Pande zote palikuwa pamefagiwa vizuri, kwa ufagio wa Kadii, na hapakuwa na alama ya mguu hata moja. Garama hakuwepo, mkewe alisema amekwenda Malindi kung'olewa jino.

Kahindi alikuwa juu kabisa ya mnazi ulio karibu, kibuyu kiunoni, kisu mkononi. Alimsalimu sista kutoka huko, akaomba radhi kwa kukosa kikao.

"Kahindi," Jedida aliita, "huko juu unaona nini?"

Mgema alitazama chini, akatazama mbali.

"Naona paa, sista. Shamba. Na barabara."

"Nambari yako leo?"

"Moja."

Jedida aliiweka fomu juu ya goti, akaandika moja kwenye mstari wa juu. Kwenye mstari wa chini aliandika tisa.